Kijana wangu anasali na mapadre wa Lefebvre. Mbona hawapatani na Roma?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nairobi, na niko CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, parokiani kwetu miaka mingi. Kijana wangu wa pili ana miaka miwili sasa haji parokiani. Anasali kwa mapadre wa Misa ya Kilatini, wale wa Askofu Mkuu Lefebvre, na mwaka huu anataka kufunga ndoa huko huko. Paroko wetu alinijibu kwa mkato kwamba hao wametengwa na Kanisa. Kijana naye ananionyesha kwenye simu kwamba Papa aliwaondolea adhabu. Nani mkweli? Na kama Papa aliwasamehe, kwa nini hawarudi? Misa yenyewe ni ile waliyosali wazazi wetu.

JIBU: Milele amina, Mama. Swali lako lina mambo mawili ndani yake, la Roma na la nyumbani kwako. Nitaanza na la Roma, maana bila hilo la nyumbani halitaeleweka, ila sitakuacha bila kukueleza la kufanya kuhusu ndoa.

Paroko wako na kijana wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tarehe 30 Juni 1988, huko Ecône nchini Uswisi, kwenye seminari yake, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila kibali cha Papa. Kwa Sheria ya Kanisa, tendo hilo linamtenga papo hapo anayeweka wakfu na anayewekwa. Siku mbili baadaye Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa hati yake, akalitaja kuwa tendo la mfarakano, akawasihi waamini wasishikamane nalo. Walioadhibiwa kwa kutajwa walikuwa maaskofu, si kila mama na kila kijana aliyepiga magoti katika makanisa yao. Mwaka 1991 askofu mmoja huko Hawaii alitangaza kwamba waamini walei sita wametengwa kwa sababu ya uhusiano wao na kundi hilo. Walikata rufaa Roma, na mwaka 1993 ofisi ya mafundisho ya imani, iliyoongozwa na Kardinali Ratzinger (ndiye baadaye Papa Benedikto wa Kumi na Sita), ikasema tangazo lile halina msingi. Kwa hiyo usilale ukilia kwamba mwanao ametengwa na Kanisa. Hakutengwa.

Mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliwaondolea adhabu wale maaskofu wanne. Hilo ndilo kijana anakuonyesha, na ni kweli. Lakini katika barua yake ya tarehe 10 Machi mwaka huo huo Papa aliandika jambo ambalo huenda hakukuonyesha: adhabu inahusu watu, na hadhi ya kundi ni jambo jingine. Aliwaandikia maaskofu wote duniani kwamba Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Pio wa Kumi, ndilo jina la kundi hilo, hauna hadhi ya kisheria ndani ya Kanisa kwa sababu ya mafundisho, na kwamba mapadre wake, hata kama hawana adhabu, hawatoi huduma yao kihalali. Chukua mfano wa mtoto aliyesamehewa na baba yake lakini bado amesimama nje ya ua. Mlango uko wazi, ila wanabishana ni kwa masharti gani ataingia.

Hapa Kenya wapo wanaowachanganya na Legio Maria, iliyozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambayo nayo ina Kilatini katika ibada. Hawafanani. Legio Maria ina uongozi wake na papa wake. Hawa wanasali na Papa wa Roma. Katika Misa yao, Kanuni, yaani Sala kuu ya Ekaristi, husomwa kwa sauti ya chini sana, kwa hiyo ukisimama nyuma hutasikia kitu, lakini padre akiwa ameinama juu ya altare anataja jina la Papa na jina la askofu wa jimbo. Wapo wenye itikadi kali kuliko wao, wanaosema kiti cha Petro kiko tupu, na hao jina la Papa huliruka. Mwaka 1983 mapadre tisa wa Udugu huko Marekani waliondolewa katika mzozo ambao suala la Papa lilikuwa mojawapo ya mambo yake. Kwa hiyo padre wa Udugu anapolitaja jina la Papa, analitaja kwa kukusudia. Nakueleza haya ili uone ugumu ulipo: tunazungumza na watu wanaomkiri Papa kwa kinywa kila asubuhi, na bado hawamtii.

Lefebvre mwenyewe hakuwa mgeni kwa Afrika. Alikuwa mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifanya kazi Gabon kuanzia 1932 hadi 1945, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Dakar, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mjumbe wa Papa kwa nchi za Afrika zilizotawaliwa na Wafaransa. Alijenga seminari, akaleta watawa, akapendwa. Kisha akaingia katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wa dunia nzima wa 1962 hadi 1965, akatoka akiwa ameumia. Mwaka 1970 alianzisha Udugu kwa ruhusa ya askofu wa Fribourg, Uswisi. Mwaka 1975 ruhusa hiyo iliondolewa. Hakusimama. Juni 1976 aliwapadirisha vijana bila idhini, na mwezi uliofuata akasimamishwa huduma zote za daraja.

Nikifundisha sehemu hii seminarini huwa nawaambia wanafunzi wasianze na Juni 30, 1988. Waanze na Mei 5. Siku hiyo, ambayo kwa kalenda ya zamani ni sikukuu ya Mtakatifu Pio wa Tano, Lefebvre alitia sahihi makubaliano na Kardinali Ratzinger. Yaani walikuwa wameshapatana! Alikubali kuwa mtiifu kwa Papa, alikubali kwamba Misa mpya ikiadhimishwa inavyotakiwa ni Misa ya kweli, na kuhusu sehemu za Mtaguso alizoziona ngumu aliahidi kuzijadili na Roma bila kuzirushia maneno. Roma nayo ilikubali kuutambua Udugu, kuwaachia vitabu vya zamani vya liturujia, na kukubali kimsingi kwamba mmoja wao awekwe wakfu askofu. Asubuhi iliyofuata Lefebvre aliandika barua nyingine. Alitaka tarehe ya kumweka askofu wakfu ithibitishwe, nayo iwe Juni 30, la sivyo atajiona analazimika kuendelea mwenyewe. Barua zikafuatana. Akaomba maaskofu watatu badala ya mmoja. Akaomba watu wake wawe wengi katika tume ambayo ingeshughulikia mambo yao. Roma ikasema askofu atapatikana kufikia Agosti 15. Yeye alikuwa na umri wa miaka 82, na aliona anazungushwa mpaka afe.

Tazama sasa, Mama, kilichovunja mapatano yale. Kilatini kilikuwa kimeshakubaliwa, na mafundisho yalikuwa yamepata maneno ambayo pande zote mbili ziliweza kuyatia sahihi. Kilichobaki ni tarehe, idadi ya maaskofu na viti katika tume, na mambo hayo matatu yanatoka kwenye shina moja: mzee yule hakuwaamini tena watu aliozungumza nao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nasema alikosea, na kosa lake lilikuwa zito, kwa sababu askofu hajiteulii warithi. Lakini sijawahi kuisoma barua ile ya Mei 6 bila kusikitika jinsi walivyokuwa karibu.

Usifikiri nadogosha mafundisho. Hapo ndipo mazungumzo ya baadaye yalipokwama. Kwa maneno machache, Udugu unapinga mambo manne: uhuru wa dini kama Mtaguso ulivyoufundisha Desemba 7, 1965, majadiliano na Wakristo wa madhehebu mengine na na watu wa dini nyingine, namna maaskofu wanavyoshiriki pamoja na Papa kuliongoza Kanisa, na Misa mpya, ambayo wanakubali kuwa ni Misa lakini wanaiona ni hatari kwa imani.

Nikae kidogo kwenye hili la uhuru wa dini, kwa sababu ndilo linaloonyesha ugumu ulivyo. Mapapa wa karne ya 19 walilaani dhana kwamba kila dini ina haki sawa mbele ya dola. Pio wa Tisa aliliandika hilo mwaka 1864. Miaka 101 baadaye Mtaguso unasema kila binadamu ana haki ya kutolazimishwa wala kuzuiwa na serikali katika mambo ya dini, mradi asivunje amani ya jamii. Udugu unayaweka maandiko hayo mawili juu ya meza moja na kuuliza: ni lipi la Kanisa? Si swali la kijinga. Mimi hujibu kwamba mapapa wale walipinga dola iliyotaka kumfuta Mungu, na Mtaguso unaongelea dhamiri ya mtu mbele ya askari wa serikali. Ni mambo mawili. Na sisi tulioishi Mombasa, au Zanzibar, au kokote ambako jirani ni Mwislamu na mnazikana, tunajua thamani ya mafundisho haya kuliko anayeyasoma kwenye maktaba ya Uswisi. Lakini wao wanajibu kwamba mimi nayalainisha maandiko ya zamani. Na hapo tunakaa.

Unaona fundo lenyewe? Roma inawaambia: kubalini kwamba mtaguso mkuu, uliothibitishwa na Papa, hauwezi kuliongoza Kanisa zima kwenye upotovu. Wao wanaiambia Roma: kirini kwamba katika sehemu hizi mlipotoka. Kila mmoja anamwomba mwenzake kitu ambacho akikitoa anajikana. Roma ikikiri, basi hakuna mtaguso wowote wa kuaminika, hata ule wa Trento wa karne ya 16 wanaoupenda. Wao wakikubali, basi miaka hamsini na zaidi ya kuishi nje ya ua, wazazi waliouza mali kujenga makanisa, vijana waliopadirishwa wakijua hawatambuliwi, yote hayo yanabaki bila sababu. Watu hawaachi kirahisi kitu walichokilipia hivyo.

Papa Benedikto alijaribu kwa moyo wote kulifungua fundo hili. Mwaka 2007 alitangaza kwamba vitabu vya Misa vya mwaka 1962 havikuwahi kufutwa, na kila padre anaweza kuvitumia. Januari 2009 akaondoa adhabu. Wiki ile ile televisheni ya Sweden ikaonyesha mahojiano ya mmoja wa maaskofu wale wanne, Richard Williamson, akikana kwamba Wayahudi waliuawa kwa gesi katika kambi za Wanazi. Dunia ikawaka moto. Katika barua ile ya Machi, Papa, Mjerumani mwenye umri wa miaka 81, alikiri kwamba ameambiwa kuwa kama ofisi zake zingeangalia kwenye intaneti tatizo lingejulikana mapema. Nampenda sana Papa yule katika barua hiyo. Aliuliza: tunaweza kulipuuza kundi lenye mapadre 491, waseminari 215, seminari 6, shule 88, mabruda 117, masista 164 na maelfu ya waamini? Tuwaache tu waende zao mbali na Kanisa? Lakini papo hapo aliwaambia wao pia kwamba mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiwezi kugandishwa mwaka 1962.

Mazungumzo ya mafundisho yalianza Oktoba 2009. Mwaka 2011 Kardinali Levada, mkuu wa ofisi ya mafundisho ya imani wakati huo, akawapa hati ya kutia sahihi. Juni 2012 kulikuwa tayari na rasimu ya kuwapa prelatura binafsi, kama ile ya Opus Dei, ambayo ingewapa uongozi wao wenyewe moja kwa moja chini ya Papa. Mkuu wao, Askofu Bernard Fellay, alionekana kuelekea huko. Lakini mwezi Mei ilikuwa imeshavuja barua ambayo maaskofu wenzake wote watatu walimwandikia mwezi Aprili, wakimsihi asitie sahihi. Wote watatu! Mapatano hayakufika. Oktoba mwaka huo Williamson akafukuzwa kutoka Udugu, na Machi 2015 huko Brazil akamweka wakfu askofu wake mwenyewe bila kibali, akarudi katika adhabu ile ile aliyoondolewa.

Hili watu wengi hawalioni. Wanadhani pande ni mbili, Roma na Udugu. Ndani ya Udugu kuna wanaotamani kurudi kesho, kuna wanaosema wangoje mpaka Roma ibadilike, na kuna wanaomwona kila anayezungumza na Roma kuwa msaliti. Kiongozi akipiga hatua moja kuelekea kwa Papa, kipande cha watu wake kinameguka nyuma yake. Ndiyo maana tangu 1988 mapatano yamekuja vipande vipande. Julai 1988, wiki chache tu baada ya Ecône, mapadre wachache wa Lefebvre waliokataa kumfuata waliunda Udugu wa Mtakatifu Petro, na Roma ikawapokea na Misa yao ya zamani. Mwaka 2006 wengine wachache, huko Bordeaux, Ufaransa, wakapokewa kama Taasisi ya Mchungaji Mwema. Kila mara wanaobaki nje ni wale wagumu zaidi, na safari inayofuata inakuwa ngumu zaidi.

Kesi iliyofanikiwa kuliko zote haijulikani sana kwetu, nayo ni ya Campos, Brazil. Askofu mstaafu wa huko, Antônio de Castro Mayer, ndiye aliyekuwa pamoja na Lefebvre katika kuweka wakfu wale wanne. Alipostaafu mwaka 1981, askofu aliyemfuata aliwaondoa katika parokia mapadre walioshikilia Misa ya zamani. Wakajenga makanisa mengine, mara nyingine mita chache kutoka lile la parokia, na waamini wakagawanyika, ndugu huku, ndugu kule. Castro Mayer alipofariki mwaka 1991, mmoja wa maaskofu wa Ecône alimweka wakfu padre Licínio Rangel kuwaongoza. Ungesema hawa wamepotea kabisa. Lakini mwaka 2000 Udugu ulipohiji Roma kwa Jubilei, milango ya mazungumzo ilifunguka, na wakati Udugu ukisitasita, watu wa Campos waliendelea mbele peke yao. Januari 18, 2002, ndani ya kanisa kuu la Campos, walipokewa rasmi. Papa aliwaundia utawala wa kitume wa binafsi: askofu wao wenyewe, mapadre wao, seminari yao, Misa yao ya zamani, katika eneo lile lile la jimbo la Campos. Rangel alikuwa mgonjwa na alifariki Desemba mwaka huo, lakini Agosti alikuwa ameshapewa mrithi, Askofu Fernando Rifan, aliyewekwa wakfu kwa kibali cha Papa na kardinali aliyetoka Roma.

Kwa nini Campos iliwezekana? Kwa maoni yangu, kwa sababu walikuwa kundi la mahali pamoja, wanaofahamiana, waliokuwa na majirani wa kurudiana nao. Mgawanyiko wao ulikuwa na sura: kanisa lile pale, shangazi yule asiyetusalimia. Udugu umetawanyika dunia nzima, na mapatano yake yanasomwa Paris, Buenos Aires na Nairobi kwa hofu tatu tofauti. Tena Roma haikuwadai watu wa Campos wakane historia yao. Iliwadai waukubali Mtaguso ukisomwa katika mwanga wa Mapokeo, na ikawapa askofu mkononi, kitu kile kile Lefebvre alichoogopa hatakipata. Hata hivyo hawakupona maneno. Rifan alipoonekana akishiriki Misa mpya pamoja na maaskofu wenzake, marafiki zake wa zamani walisema: mnaona, ndivyo Roma inavyowameza.

Na hapa lazima nikubali kwamba hofu hiyo imepewa chakula na upande wetu. Mwaka 2007 Papa mmoja alisema kitabu cha zamani hakikufutwa kamwe. Julai 2021 Papa Fransisko, kwa sababu alizozieleza mwenyewe, za kulinda umoja, aliweka mipaka mikali, akairudisha ruhusa mikononi mwa maaskofu na Roma. Papa ana mamlaka hayo na nayaheshimu. Lakini waliokuwa wakiwaambia jamaa zao wa Udugu "rudini, mtaachiwa Misa yenu" walikosa la kusema. Udugu wa Mtakatifu Petro ulibidi kwenda kwa Papa mwenyewe, na Februari 2022 akawathibitishia vitabu vyao. Ahadi inayobadilika kila Papa anapobadilika ni msingi mbovu wa kujengea upatanisho, na Roma inapaswa kulikabili hilo.

Papa Fransisko huyo huyo, ambaye wengi wanadhani aliwachukia, ndiye aliyefanya jambo lililowafaa zaidi watu wa kawaida kama mwanao. Aliacha hati za kutia sahihi, akaenda kwenye sakramenti. Kwa Mwaka wa Huruma ulioanza mwishoni mwa 2015 alisema wanaoungama kwa mapadre wa Udugu wanapata ondoleo la kweli na la halali. Mwaka ukaisha, naye Novemba 2016 akairefusha ruhusa hiyo bila kuweka tarehe ya mwisho. Elewa uzito wake: padre yeyote anaweza kuadhimisha Misa ya kweli kwa sababu amepewa daraja la upadre, lakini kuungamisha kunahitaji zaidi ya upadre. Kunahitaji mamlaka kutoka kwa askofu au Papa. Kabla ya hapo waamini wao walikuwa wakiungama kwa hoja kwamba Kanisa liko katika dharura na kwamba sheria yenyewe inaziba pengo. Mimi sikuwahi kushawishika na hoja hiyo. Huwezi kutangaza dharura dhidi ya mwenye nyumba aliyeko nyumbani na anayefungua mlango. Papa aliikata kwa neno moja, akawapa mamlaka bila wao kuomba, bila sharti. Kwangu hilo ndilo daraja la upatanisho lililo imara kuliko yote yaliyojengwa tangu 1988, kwa sababu halikumdai yeyote ajikane.

Ndoa nayo ikafuata, kwa barua iliyotolewa Aprili 2017. Hii ndiyo inayokuhusu wewe, kwa hiyo isome polepole. Ndoa ya Wakatoliki, ili iwe ndoa kweli, inahitaji kufungwa mbele ya askofu au paroko wa mahali, au padre au shemasi aliyepewa idhini na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Padre wa Udugu hana idhini hiyo kwa wadhifa wake. Ndiyo maana ndoa zilizofungwa kwao kabla ya hapo zilileta matatizo makubwa kwenye mabaraza ya ndoa ya majimbo. Barua ile inawapa maaskofu wa majimbo njia mbili. Ya kwanza, askofu amtume padre wa jimbo apokee maneno ya ridhaa, yale ya "nakupokea wewe", kisha padre wa Udugu aadhimishe Misa ya ndoa. Ya pili, kama haiwezekani kumpata padre wa kupokea ridhaa, askofu ampe padre wa Udugu mwenyewe idhini hiyo moja kwa moja. Lakini tofauti na kitubio, hapa hakuna kitu kinachotolewa kimya kimya. Lazima askofu wa jimbo aombwe, na lazima atoe.

Lakini ruhusa hizi za sakramenti hazijajibu swali la maaskofu. Kati ya wale maaskofu wanne, Tissier de Mallerais alifariki Oktoba 2024 na Williamson Januari 2025. Fellay na de Galarreta walizaliwa miaka ya 1950. Bila askofu hakuna upadirisho, na bila upadirisho Udugu unakufa. Kwa hiyo swali la Mei 1988, nani atatoa maaskofu na kwa kibali cha nani, liko mezani tena, na ndilo litakaloamua kama madaraja haya madogo yatabeba uzito zaidi au yatabomoka. Maaskofu wakipatikana kwa mkono wa Papa, hata kwa polepole, hata mmoja mmoja, mapatano yanaweza kukua kama ya Campos. Wakipatikana kinyume chake, tunarudi Ecône, na kijana wako atalazimika kuchagua kwa uchungu kuliko leo. Sali kwa ajili ya hilo, Mama. Mimi nasali kila siku.

Sasa nyumbani. Usimfungie mlango wala usimwite mpotevu. Na yeye asikwambie kwamba parokia yako haina Misa. Akisema hivyo, mwambie padre wake mwenyewe anamtaja askofu wenu kila siku kwenye altare. Mwombe aje nawe Jumapili moja moja, hata kama atakaa benchi la nyuma. Wewe pia nenda naye huko mara moja ukaone anachokipenda: ukimya ule, watu waliopiga magoti, nyimbo za Kilatini ambazo pengine bibi yako alizijua kwa moyo. Ukielewa njaa yake utaweza kuzungumza naye. Njaa ya ibada ya heshima ni njaa halali, na parokia zetu nyingi, nasema kwa masikitiko, hazijaishibisha.

Kuhusu ndoa usingoje. Angalau miezi mitatu kabla, kijana na mchumba wake waende kwa paroko wa jimbo wakiwa na vyeti vya ubatizo vilivyotolewa upya na parokia walikobatizwa. Waeleze wazi kwamba wanataka Misa ya ndoa iadhimishwe na padre wa Udugu. Paroko akikataa kwa kusema hao wametengwa, usigombane naye. Muombe kwa heshima apeleke ombi kwa kansela wa jimbo, na mlitaje katika barua agizo la Roma la Machi 27, 2017 kuhusu ndoa za waamini wa Udugu, maana hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye hati yenyewe. Jibu la askofu lije kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe pamoja na vyeti vyao. Na ndoa iandikwe katika kitabu cha ndoa cha parokia siku ile ile.